Deni la Mweka Msingi

Kila kitu kilichofanywa kwa mikono ya mtu kina siku yake ya kuchakaa. Jembe huisha makali, mtumbwi huoza, makuti ya paa hugeuka vumbi, na mwenye mali huvumilia kwa kuwa ajua kwamba wakati hauna rafiki. Lakini uko mwisho mwingine wa vitu ambao haufanani na uchakavu. Kitu kizima, kisicho na ufa wala kutu, kinachotenda leo kama kilivyotenda jana, hutangazwa kuwa kuukuu na yule yule aliyekitengeneza. Hakikuvunjika, hakikupotea, wala hakikushindwa na kazi. Neno tu limetoka, na tangu siku ya neno hilo kila aliyejenga juu ya kitu hicho amekuwa kama mpangaji aliyepewa notisi ya kuhama.

Mwisho wa namna hii ni jambo la kila siku katika kazi ya kompyuta, na kwa kuwa ni la kila siku, wachache hulitazama kwa jicho la haki. Hulihesabu kuwa usumbufu wa kazi, kama mvua ya masika kwa dereva wa lori. Hata hivyo ndani yake limo swali la zamani kuliko kompyuta. Aliyeweka msingi, akawaalika watu wajenge juu yake, ana deni gani kwao siku atakapotaka kuubadili? Na wao waliojenga wana wajibu gani kwa nafsi zao, kwa kazi yao na kwa watakaowafuata?

Yafaa kwanza kazi yenyewe ielezwe. Mwandishi wa programu haanzi kila siku kwa kuchonga kila kijiti cha nyumba yake. Huchukua maktaba, yaani mkusanyiko wa msimbo ulioandikwa na wengine, ambao unajua tayari kuchora mstari, kupaka rangi, kuweka nuru na kivuli. Maktaba hiyo haionyeshi matumbo yake. Huonyesha uso, na uso huo huitwa kiolesura: orodha ya majina pamoja na kanuni za kuyaita. Kiolesura ni ahadi. Chasema kwamba mtu akiliita jina hili, akatoa vitu hivi, atarudishiwa kazi ile. Katika maktaba za michoro, sehemu iliyo karibu zaidi na miujiza ni ile ya uhuishaji. Jina lake la Kiswahili limebeba maana kubwa, kwa sababu kuhuisha ni kutia uhai. Picha zisizo na mwendo hufuatanishwa upesi, aghalabu 60 katika sekunde moja, hata jicho likakubali kudanganywa na kuona kiumbe akitembea. Mwandishi huweka mikao michache iliyo mikuu, mguu ukiwa nyuma, mguu ukiwa hewani, mguu ukiwa mbele. Nayo maktaba huijaza mikao yote ya katikati.

Ahadi za jinsi hii zimebadilishwa mara nyingi katika miaka ya karibuni. Kwa muda mrefu katuni na michezo ya intaneti ilionyeshwa kwa Flash. Mwezi Julai 2017 kampuni ya Adobe ilitangaza kwamba itaacha kuitunza, na siku ya 31 Desemba 2020 ikaacha kweli. Kuanzia 12 Januari 2021 programu yenyewe ikakataa kuonyesha kazi zilizoandikwa kwa ajili yake. Mwaka 2018 Apple iliitangaza OpenGL, ambayo wachoraji wa kompyuta waliitegemea tangu miaka ya 1990, kuwa kuukuu katika mashine zake. Maktaba iitwayo three.js, ambayo Ricardo Cabello aliitoa kwa umma mwaka 2010, na ambayo huchora vitu vyenye urefu, upana na kina ndani ya ukurasa wa intaneti, iligeuza mfumo wake wote wa uhuishaji mwaka 2015, na maelezo yake rasmi yakawaonya wasomaji wajihadhari na mafundisho yaliyopitwa na wakati.

Mageuzi hayo ya 2015 hayakuwa ya upuzi. Mfumo wa zamani ulikuwa na mashine mbalimbali, moja kwa mwendo wa mifupa, nyingine kwa umbo linalojigeuza, nyingine kwa mikao iliyopangwa, na kila mashine ilikuwa na desturi zake. Mfumo mpya ulitenga mambo matatu. Kwanza ni mwendo ulioandikwa, ambao ni kama wimbo katika daftari. Pili ni mwendeshaji, ambaye hushika saa na kuhesabu wakati. Tatu ni tendo la kuuchezesha mwendo ule juu ya kiumbe fulani, kwa nguvu fulani, kwa muda fulani. Kwa utengano huu, kiumbe aliyekuwa akitembea aliweza kuanza kukimbia bila kushtuka, mwendo mmoja ukipunguzwa polepole na wa pili ukiongezwa. Fundi mwaminifu hatasema kwamba njia ya zamani ilikuwa bora. Lakini ubora wa kitu kipya haujibu swali la haki. Nyumba mpya yaweza kuwa nzuri kuliko ya kwanza, na bado likabaki swali kama wakazi walihamishwa kwa heshima.

Swali hili lina makao yake ya kufaa katika nchi iliyo kati ya Karatu na Ngorongoro. Barabara ya lami itokayo Makuyuni hupanda ukuta wa Bonde la Ufa pale Mto wa Mbu, hupita katika mashamba ya Karatu yenye udongo mwekundu, mahindi, ngano na kahawa, ikafika katika lango la Lodoare, na msitu ukaanza. Ndani ya hifadhi, kusini mwa bonde la Oldupai, pako mahali paitwapo Laetoli. Hapo, miaka milioni 3.66 iliyopita, viumbe waliosimama kwa miguu miwili walipita juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua. Majivu yakakauka, yakafunikwa na mengine, yakawa jiwe. Mwaka 1976 watafiti waliokuwa pamoja na Mary Leakey waliona nyayo za wanyama. Mwaka 1978 zikaonekana nyayo za hao wa miguu miwili, nazo zikafuatwa kwa mita zipatazo 27. Mwaka 2016 Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao, walitangaza nyayo nyingine umbali wa mita 150 hivi kutoka zile za kwanza. Kumbukumbu za nyayo hizo za pili zilichukuliwa kwa picha nyingi zilizopigwa toka pande nyingi, kisha kompyuta ikaziunganisha kuwa umbo lenye kina, ambalo mtu aliye mbali aweza kuligeuza mbele ya macho yake na kulipima.

Nyayo ni uhuishaji wa kwanza. Kila unyayo ni mkao mmoja ulioandikwa, na baina ya mmoja na wa pili akili ya mtazamaji hujaza mguu uliokuwa hewani. Wanasayansi wamefanya hivyo kwa kompyuta pia: mwaka 2005 William Sellers na wenzake waliiga mwendo wa viumbe wa aina hiyo, wakiongozwa na mifupa na umbali wa hatua zilizobaki Laetoli. Mwendo unaoonyeshwa kwa njia hiyo haukusudiwi kuchekesha watoto. Ni ushahidi juu ya asili ya mwanadamu, na anayeuonyesha amesimama mahali pa shahidi.

Na ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba yuko mwalimu wa Karatu ambaye mwaka 2014 alitumia maktaba ile kutengeneza programu ya kuwaonyesha wanafunzi wake mwendo wa Laetoli. Wanafunzi hao huishi saa chache tu kutoka kwenye nyayo hizo, lakini hawawezi kuziona, maana zimefunikwa ili zisiharibike. Programu yake ndiyo dirisha lao. Kisha yaja mageuzi ya 2015. Nakala ya maktaba aliyoihifadhi yaendelea kufanya kazi. Hakuna askari aliyetumwa kuizima. Lakini siku atakapotaka kuongeza umbo jipya la nyayo lililotangazwa mwaka 2016, ataona kwamba vitu vipya vyote vyasema lugha ya mfumo mpya. Mwalimu huyu ana njia mbili. Abaki alipo, akubali kwamba dirisha lake halitaongezwa kioo kingine. Au ahame, atumie siku za likizo yake kuandika upya kazi iliyokuwa imekwisha. Kosa si lake, wala hakuzembea, na hata hivyo gharama ni yake.

Watetezi wa watunzaji wa maktaba wana hoja nzito. Kitu hicho, husema wao, kilitolewa bure. Leseni ya MIT, ambayo three.js hutolewa chini yake, humpa kila mtu ruhusa ya kutumia, kunakili na kubadili, na papo hapo hutamka kwamba kitu kinatolewa kama kilivyo, bila dhamana ya aina yoyote. Mpokeaji wa zawadi hana haki ya kumshitaki mtoaji. Zaidi ya hayo, kutunza cha zamani kando ya kipya ni kazi isiyokwisha. Kila mlango unaoachwa wazi ni mlango wa kulindwa. Kila jina la kale linaloendelea kuitikia ni jina la kupimwa kila mara kitu kingine kinapobadilika. Mtunzaji ni mtu mwenye saa 24 kama wengine, na ambaye aghalabu halipwi. Kumdai abebe mizigo ya jana yote na ya leo yote ni kumfanya mtumwa wa ukarimu wake mwenyewe.

Hoja hiyo ni ya kweli, ila haifiki mwisho wa safari. Zawadi nyingine hubadili maisha ya anayepewa. Mtu akimpa jirani embe, zawadi imekwisha jirani alipolila. Lakini akimwambia jirani, chota maji katika kisima changu miaka yote, na jirani akaacha kuchimba chake, akapanda bustani kwa kutegemea maji hayo, basi kisima kile kimekuwa zaidi ya embe. Sheria haitamlazimisha mwenye kisima kitu chochote. Dhamiri itamlazimisha. Si kwamba hawezi kukifunga kamwe. Ila hawezi kukifunga usiku, jirani akiwa amelala. Alipoalika, alijua kwamba mwaliko huzaa tegemeo, na tegemeo lilimfurahisha, maana jina la kisima lilikua kwa wingi wa wachotaji. Aliyekubali sifa ya kutegemewa amekubali na sehemu ya mzigo wake. Waswahili walisema kwamba ahadi ni deni, wala hawakuongeza kwamba ahadi ya bure si deni.

Deni hilo lina kipimo, na kipimo chake chaonekana katika kazi ya barabara. Mkandarasi anayetaka kulikata tuta la zamani huanza kwa kutengeneza mchepuko. Huweka vibao kabla ya kufika kwenye shimo, si ndani ya shimo. Mchepuko ni wa vumbi, una mashimo, hakuna anayeusifu. Lakini basi la abiria hupita, na mgonjwa hufika hospitali. Hakuna anayemdai mkandarasi autunze mchepuko milele. Na hakuna atakayemsamehe akikata barabara kwanza na kufikiri juu ya mchepuko baadaye. Kwa kipimo hicho mweka msingi ana deni la mambo manne: kutangaza mapema, kueleza sababu, kuonyesha njia mpya ilipo, na kuiacha ya zamani ipitike kwa muda unaowatosha wenye miguu mizito. Atakayelipa manne hayo amelipa deni lake, hata kama wako watakaonung'unika.

Hapa pafaa kutofautisha matendo mawili ambayo watu huyachanganya. Moja ni kuacha kutunza, jingine ni kuzuia kutumia. Aliyeacha kutunza amesema kwamba nguvu zake zimekwisha; kitu kimebaki mikononi mwa wanaokitaka, nao wakiweza watakiendeleza wenyewe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwalimu wa Karatu, ambaye nakala yake haikuguswa. Aliyezuia kutumia ameingia katika nyumba ya mwenziwe na kuzima taa. Flash ilifikia hatua hiyo ya pili. Sababu yake ilikuwa ya haki, kwa kuwa programu ile ilikuwa na nyufa nyingi ambazo wezi waliingilia katika kompyuta za watu, na notisi ilikuwa ya zaidi ya miaka mitatu. Lakini kazi nyingi za wasanii wadogo zilizimika pamoja na nyufa hizo, na zilizobaki zimebaki kwa sababu watu wengine walijitolea kuandika programu za kuiga ile iliyokufa. Kuzuia kwahitaji sababu kubwa kuliko kuacha, notisi ndefu kuliko kuacha, na aibu fulani pia.

Tena liko tendo la tatu, lenye kudhulumu kwa njia ya kimya, nalo ni kugeuka-geuka. Mwaka 2015 watunzaji wa Chrome walitangaza nia ya kuiacha SMIL, njia mojawapo ya kuhuisha michoro katika kurasa za intaneti. Mwaka 2016, baada ya kusikia maoni ya watumiaji, waliisitisha nia hiyo. Kusikiliza ni sifa njema, na heri anayerudi kuliko anayeendelea katika kosa. Lakini watiifu waliokwisha kuhama walikuwa wamelipa gharama ya safari ambayo haikuwa ya lazima, na wazembe waliokaa walitunukiwa. Notisi inayotolewa kwa wepesi huwafundisha watu kutoamini notisi. Basi mweka msingi apime mara nyingi kabla ya kunena, maana neno lake huwainua wengine vitini.

Kwa upande wa pili uko wajibu wa anayehama, na huu hausemwi sana. Watu hudhani kwamba kuhamisha msimbo ni kubadili majina: jina la kale litoke, jipya liingie, na kazi imekwisha. Mwalimu wa Karatu akifanya hivyo ataona kiumbe wake akitembea, naye atafurahi, lakini furaha yake yaweza kuwa ya udanganyifu. Kuna kosa moja la kawaida katika programu za zamani, ambalo ni kumsogeza kiumbe kipande kidogo kwa kila picha inayochorwa. Katika kioo kinachochora picha 60 kwa sekunde, mwendo ni wa sawa. Katika kioo kipya kinachochora picha 120, kiumbe yule yule hutembea mbio mara mbili. Mwandishi wa kwanza alikuwa ameifanya kasi ya mashine yake kuwa kipimo cha wakati, bila kujua. Mfumo mpya humdai asema ni sekunde ngapi zimepita tangu picha ya mwisho, na kwa dai hilo kosa lililojificha hutoka nje. Kuhama, basi, ni kupekuliwa. Mtu anapofunga mizigo ndipo aonapo kilichokuwa chini ya kitanda.

Liko kosa jingine lililo zito zaidi. Mikao ikijazwa kwa kanuni tofauti, au saa ikipishana na hatua, unyayo wa kiumbe huteleza juu ya ardhi wakati ambapo ungepaswa kusimama. Katika mchezo wa watoto ni dosari ndogo. Katika programu ya Laetoli ni uongo, kwa sababu jambo lile moja ambalo jiwe lashuhudia kwa hakika ni kwamba mguu ulikanyaga hapo, ukatulia, ukabeba uzito wa mwili kutoka kisigino hadi dole gumba, kisha ukaondoka. Programu iliyohamishwa vibaya yaweza kuwa nzuri kuliko ya kwanza kwa rangi na nuru, na ikawa imepoteza ule ushahidi uliokuwa sababu ya kuwapo kwake. Anayehama hana budi kujiuliza ni kitu gani alichokuwa akikilinda. Majina ya mfumo wa kale hayana haki ya kuishi. Mwendo una haki.

Lugha ya Kiswahili yenyewe imepita katika uhamisho wa namna hii. Kwa karne nyingi iliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka, ulio katika mswada wa mwaka 1728, umeandikwa kwa herufi hizo. Shule za wakoloni zikaleta herufi za Kirumi, na tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Hakuna aliyezichoma herufi za kale. Ziliachwa tu, na kizazi kimoja baada ya kingine kikakosa kuzisoma. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi hadi mnamo 1840, yalivuka mto huo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyaeleza, akishirikiana na W. E. Taylor, hata baadaye William Hichens akayachapa mwaka 1940. Mwalimu Sikujua alikuwa mtu aliyeijua nchi ya zamani kwa miguu yake. Bila mtu wa namna hiyo herufi zingehamishwa na maana ikaachwa ng'ambo. Kila uhamisho mwema una mwalimu wake wa jinsi hiyo, anayejua kwa nini jambo la kale lilifanywa vile lilivyofanywa, na jumuiya inayomwacha mtu huyo azeeke bila kuulizwa haina wa kumlaumu isipokuwa nafsi yake.

Wapo wanaoona kwamba dawa ya yote ni kutobadili chochote. Laetoli yawajibu. Nyayo zilizofukuliwa miaka ya 1978 na 1979 zilifukiwa tena ili zilindwe. Ulionekana kuwa ulinzi wa kutosha. Lakini katika mchanga wa kufukia zilikuwamo mbegu za migunga. Zikaota, miti ikakua, na mizizi ikaanza kushuka kuelekea kwenye jiwe. Katikati ya miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani walilazimika kuiua miti, kufukua sehemu, kuondoa mizizi, kupima na kupiga picha, kisha kufukia upya kwa mchanga, vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi, na mawe juu yake. Kitu kilichodumu miaka milioni 3.66 bila mlinzi kilihitaji walinzi ndani ya miaka 20 tangu mtu alipokigusa. Hakuna kuhifadhi kusiko na kazi. Anayedai cha zamani kidumu na aseme ni mikono ya nani itakayong'oa mizizi.

Maneno haya yote juu ya msimbo yana mpaka, na katika nchi ya Ngorongoro mpaka huo hauwezi kupitwa kimya kimya. Mwaka 1959, Serengeti ilipotenganishwa na Ngorongoro, wafugaji wa Kimaasai waliotoka katika tambarare za Serengeti walipewa kuelewa kwamba Ngorongoro itakuwa nchi ya watu na mifugo pamoja na wanyama wa porini. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku, mwaka 1992 kikaruhusiwa, mwaka 2009 kikazuiwa tena. Mwezi Juni 2022 kaya za kwanza zilihamia Msomera katika wilaya ya Handeni; Serikali ikasema kwamba uhamaji ni wa hiari na kwamba watu na mifugo wamezidi uwezo wa hifadhi, na wenyeji wengi wakapinga, wakidai kwamba hawakushirikishwa. Insha moja haitoshi kuamua shauri hilo. Yatosha kuonyesha tofauti. Msimbo una nakala: ukihamishwa vibaya, wa kwanza ungalipo, na mwandishi hurudi nyuma akaanza tena. Boma halina nakala. Kaburi la babu, njia ya ng'ombe kwenda kwenye chumvi, jina la kilima ambalo mtoto amelifundishwa na nyanya yake, havichukuliwi katika lori. Kwa hiyo yale madeni manne, ambayo katika kompyuta ni adabu njema, kwa watu ni kiasi cha chini kabisa, na juu yake laongezwa la tano: anayehamishwa awe miongoni mwa wanaoamua.

Pengine faida kubwa ya kulitafakari jambo dogo kama kiolesura cha uhuishaji ni hiyo. Mambo madogo hufundisha mkono kabla ya makubwa kuja. Kijana anayezoea kufuta jina la kale katika maktaba yake bila kuuliza ni nani alitegemeaye, siku moja ataketi katika ofisi, atashika kalamu, na mbele yake patakuwa na orodha ya majina ya vijiji. Na kijana anayezoea kuandika notisi mapema, kueleza sababu, kutengeneza mchepuko na kuwangoja wenye miguu mizito, naye ataketi katika ofisi hiyo hiyo.

Miongoni mwa nyayo za kwanza za Laetoli ziko ambazo watafiti walikawia kuzielewa, kwa kuwa zilikuwa kubwa na zenye kingo mbili. Baadaye ilionekana kwamba kiumbe mmoja alitangulia, na mwingine akamfuata akikanyaga ndani ya nyayo zake. Hakuna ajuaye kama aliyetangulia aligeuka kumtazama mwenziwe. Lakini umbali wa hatua zao ni mmoja, na aliye nyuma hakuachwa.